Kilomita 1,307: Umbali wa Anga na Muda wa Safari kati ya Kigoma na Mtwara

Kigoma na Mtwara ni miji iliyo katika pembe mbili za Tanzania zinazokabiliana kwa mshazari: wa kwanza uko magharibi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na wa pili uko kusini-mashariki, pwani ya Bahari ya Hindi, si mbali na Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Njia fupi kuliko zote inayoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo ina urefu wa kilomita 1,307 hivi. Katika Bahari ya Atlantiki ya Kusini kuna jozi nyingine ya viwanja, kimoja kikiwa katika kisiwa cha Saint Helena na kingine katika kisiwa cha Ascension, ambavyo vimetengana kwa kilomita 1,300 hivi, yaani umbali ule ule kwa tofauti ya kilomita chache tu. Hata hivyo, jozi hizo mbili hazilingani kabisa kwa muda ambao msafiri huhitaji ili atoke upande mmoja na kufika upande wa pili, na wala muda huo haukadiriki kwa kugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, kama vinavyofanya vikokotoo vya mtandaoni ambavyo hutoa jibu la saa mbili hivi kana kwamba ndege iko kiwanjani ikimsubiri aulizaye. Umbali ni jambo la jiometria, na jiometria haibadiliki. Muda wa safari hutengenezwa ardhini, na watengenezaji wake ni ratiba, taa, mafuta na idadi ya abiria.

Umbali wa anga hupimwa kwa kile kinachoitwa duara kuu, yaani duara linalopatikana pale tufe linapokatwa katikati kabisa, kama chungwa linavyogawanywa nusu kwa nusu. Kipande cha duara hilo kilicho kati ya miji miwili ndicho njia fupi kuliko zote, hata kama katika ramani bapa ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda. Ili kuipima, mkokotoaji huhitaji latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili pamoja na nusu-kipenyo cha wastani cha dunia, ambacho ni kilomita 6,371. Kwa kanuni za trigonometria ya tufe hupata pembe iliyoko kati ya sehemu hizo mbili akiitazama kutoka kiini cha dunia, kisha huigeuza pembe hiyo kuwa kilomita. Kwa Kigoma na Mtwara pembe hiyo ni nyuzi 11.76. Kwa kuwa kila dakika moja ya pembe, ambayo ni sehemu ya 60 ya nyuzi, ni sawa na maili moja ya baharini, na maili hiyo ni mita 1,852, marubani husema kwamba umbali huo ni maili 706. Dunia si tufe kamili, kwani imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na hesabu inayozingatia umbo hilo huweza kutofautiana na hii kwa kiasi kisichozidi nusu ya asilimia moja, yaani kilomita sita au saba kwa safari hii.

Hesabu hiyo si ngeni katika utamaduni wa pwani, ingawa huko imejulikana kwa jina jingine. Swali la kibla, yaani mwelekeo wa Makka kutoka mahali popote duniani, ni swali lile lile la duara kuu, na wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu walilifanyia kazi karne nyingi kabla ya ndege kubuniwa. Zanzibar na Makka zimekaribia sana kuwa katika longitudo moja, kwa hiyo misikiti ya Unguja huelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kigoma iko magharibi zaidi kwa nyuzi kumi hivi, na hivyo kibla yake huinama kuelekea mashariki kwa nyuzi 20 kutoka kaskazini. Mtu aliyewahi kuelewa kwa nini misikiti ya Unguja na ya Kigoma haielekei upande mmoja amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya kazi ya kupanga njia ya ndege.

Karibu na ikweta mpindo wa njia hauonekani sana. Katika latitudo za juu, rubani anayeshika mwelekeo mmoja wa dira tangu mwanzo hadi mwisho huweza kuongeza mamia ya kilomita kuliko anayefuata duara kuu, ilhali kati ya Kigoma na Mtwara tofauti ya njia hizo mbili haifiki hata kilomita moja. Kwa sababu hiyo, mtu anayechora mstari kwa rula juu ya ramani ya Tanzania hakosei sana kuhusu umbali. Anakosea anapodhani kwamba amekwisha kuijua safari.

Muda wa ndege huhesabiwa na mashirika tangu vigingi vya magurudumu vinapoondolewa kiwanja cha kuondokea hadi vinapowekwa tena kiwanja cha kufikia. Ndani ya muda huo zimo dakika za kutembea ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, dakika za kupanda angani kwa mwendo mdogo kuliko ule wa kusafiri, mwendo wenyewe wa angani, na dakika za kushuka na kujipanga ili kutua. Sehemu ya kwanza na ya mwisho hazipungui sana hata safari iwe fupi namna gani, na ndiyo maana safari ya Dar es Salaam hadi Mtwara, ambayo ni kilomita 400 tu, huchukua takriban saa nzima, wakati ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ambayo ni kilomita 1,077, huchukua saa mbili hivi wala si karibu saa tatu kama uwiano wa umbali ungedai. Ndege ya pangaboi ya aina ya Dash 8-400, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuipokea mwaka 2016, husafiri kwa kilomita 650 kwa saa hivi. Ndege ya jeti ya Airbus A220-300, ambayo shirika hilo lilikuwa la kwanza barani Afrika kuipokea, Desemba 2018, hukaribia kilomita 830 kwa saa. Kwa mstari ulionyooka kati ya Kigoma na Mtwara, tofauti ya mwendo huo ingeokoa takriban nusu saa. Ni akiba halali, lakini ni ndogo mno ikilinganishwa na mambo yatakayoelezwa baadaye.

Upepo nao huingia katika hesabu. Wasomaji wa pwani wanaujua kaskazi na kusi, pepo za majira zilizoendesha majahazi kati ya Afrika Mashariki, Arabuni na India, lakini pepo hizo ni za karibu na uso wa bahari, na ndege hupita juu yake, mahali ambapo katika ukanda wa ikweta mara nyingi upepo huvuma kutoka mashariki kwa nguvu ya wastani. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiikabili ndege ya pangaboi inayotoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, na kisha ukiisukuma inaporudi, hufanya safari hizo mbili zipishane kwa dakika 12 hivi. Katika latitudo za kati, ambako mito ya upepo wa juu huweza kuvuka kilomita 200 kwa saa, upepo huo huo ungestahili sura nzima. Hapa unatosha aya moja.

Safari za ratiba kati ya Kigoma na Mtwara hupitia Dar es Salaam, na jambo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba mzunguko huo ndio unaomchelewesha msafiri. Hesabu haikubali. Kilomita 1,077 zikijumlishwa na 400 hupatikana kilomita 1,477, yaani ongezeko la kilomita 170, ambalo ni asilimia 13 tu juu ya njia iliyonyooka, na kwa ndege ya pangaboi hilo ni robo saa ya angani. Hata zikiongezwa dakika za kutua na kuruka tena, msafiri angepaswa kuchelewa kwa muda usiofika saa moja. Uchelewaji mkubwa wa njia hii haumo katika kilomita hizo 170. Umo katika saa ambazo mtu huzikaa kwenye benchi la kiwanja au kitandani katika nyumba ya wageni ya Dar es Salaam.

Ili kuona jinsi saa hizo zinavyozaliwa, ichukuliwe ratiba ya mfano. Ndege inaondoka Dar es Salaam saa 4:00 asubuhi, inafika Kigoma saa 6:00 mchana, inaondoka tena saa 6:40 na kurejea Dar es Salaam saa 8:40 mchana. Ndege ya Mtwara ya siku hiyo imekwisha kuondoka asubuhi, na inayofuata ni ya kesho yake saa 1:00 asubuhi, ikifika saa 2:00. Msafiri huyo ametumia saa 19 na dakika 20, na kati ya hizo ni saa tatu tu alizokuwa ndani ya ndege. Kilomita 1,307 zikigawanywa kwa muda huo wote, mwendo wake ni kilomita 68 kwa saa, ambao ni mwendo wa basi. Lau ndege ya Mtwara ingeondoka saa moja na nusu baada ya ile ya Kigoma kutua, safari nzima ingekuwa saa nne na nusu, bila kuongeza ndege, bila kurefusha njia ya kurukia, na bila kuchoma lita moja zaidi ya mafuta.

Kwa nini basi ndege zisipangwe hivyo, au kwa nini usiwepo usafiri wa moja kwa moja? Jibu la swali la pili ni rahisi kuliko la kwanza. Nchi yenye viwanja 15 ina jozi 105 za viwanja zinazoweza kuunganishwa moja kwa moja, lakini ikiwa kila kiwanja kitaunganishwa na kimoja cha katikati, njia zinazohitajika ni 14 tu. Huu ndio mfumo wa kitovu, unaofanana na gurudumu la baiskeli ambalo spoku zake zote hukutana katikati. Ndege ya Dash 8-400 ina viti zaidi ya 70, na abiria wanaotoka Kigoma kwenda Mtwara, ambao kwa kawaida ni watumishi wa umma waliohamishwa, askari, wafanyabiashara na watu wanaofuata ndugu zao kwenye msiba au arusi, hawatoshi kuijaza kila siku wala pengine kila wiki. Kitovu huwakusanya pamoja na wale waendao Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, na hivyo huwapa usafiri ambao wasingeupata peke yao. Mfumo huu hauna kosa kwa asili yake. Udhaifu wake ni kwamba ratiba hupangwa kwa kufuata wingi, na wingi wa abiria wa Kigoma huishia Dar es Salaam, hivyo mtu anayeunganisha kwenda pembe nyingine ya nchi huwa ni sehemu ndogo ya hesabu ambayo mpangaji halazimiki kuiona.

Swali la kwanza lina jibu lenye matabaka zaidi, na tabaka mojawapo ni mwanga. Viwanja vingi vya mikoani vilijengwa bila taa za njia ya kurukia, na kiwanja kisicho na taa hutumika kuanzia macheo hadi machweo tu. Tanzania nzima hutumia majira ya saa ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hauigusi kabisa nchi hiyo. Kigoma, iliyo karibu na nyuzi 30, huona jua la utosi saa 7:00 mchana na ushei, ilhali Mtwara huliona dakika 42 kabla. Kwa hiyo kunapopambazuka Mtwara, Kigoma bado ni giza, na Mtwara kunapokuchwa, Kigoma bado kuna mwanga. Mpangaji wa ratiba anayetaka ndege moja ihudumie viwanja viwili visivyo na taa siku moja hana saa 12 za mchana. Ana saa 12 hizo baada ya kutoa dakika za tofauti ya macheo, muda wa kwenda na kurudi kitovuni, na akiba ya kuchelewa, maana ndege iliyochelewa jioni ikikuta giza hailazimishi kutua bali hurudi ilikotoka. Taa za kiwanja huonekana kuwa kitu kidogo mbele ya jengo jipya la abiria, lakini kwa msafiri anayeunganisha zina thamani kubwa kuliko jengo.

Hapa inafaa kutaja utata wa kusoma saa. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, tiketi huandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane, na 08:00 ya tiketi ni saa mbili asubuhi ya msemaji. Abiria anayesafiri mara moja kwa mwaka huweza kuikosa ndege kwa tofauti hiyo ya saa sita. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuna tofauti nyingine, kwa kuwa Kinshasa, iliyo magharibi, iko nyuma ya Goma, iliyo mashariki, kwa saa moja, na ndege itokayo mashariki kwenda magharibi huonekana katika tiketi kama imesafiri kwa saa moja pungufu ya ukweli.

Kipimo ambacho hakimo katika kikokotoo chochote ni siku za kungoja. Kama ndege huruka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mtu anayepata haja ya kusafiri wakati wowote wa wiki hungoja kwa wastani wa saa 29, kwani pengo la kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu ni refu na ndilo linalowanasa wengi zaidi. Mgonjwa aliyepewa rufaa siku ya Ijumaa jioni hafarijiki kuambiwa kwamba ndege yenyewe hutumia saa mbili tu. Ikiwa ndege ni moja kwa wiki, wastani ni siku tatu na nusu. Ikiwa ni moja kwa mwezi, ni siku 15.

Hiyo ya mwisho si ya kubuni. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, safari ya ndege kati ya Saint Helena na Ascension imekuwa ya mara moja kwa mwezi. Kabla ya mwaka huo Saint Helena haikuwa na usafiri wa anga wa ratiba: meli ya RMS St Helena ilitumia siku tano hivi kutoka Cape Town. Kiwanja kilikuwa tayari mwaka 2016, lakini ndege za ratiba hazikuanza hadi Oktoba 14, 2017, kwa sababu ya badiliko la ghafla la kasi na mwelekeo wa upepo karibu na genge la bahari ambalo njia ya kurukia imejengwa juu yake. Ndege ya kutoka Johannesburg, iliyo umbali wa kilomita 3,700 hivi, hutua kwanza Namibia ili kujaza mafuta, na sababu yake inafichua namna upweke wa mahali unavyogeuka kuwa uzito.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hutaka kila ndege ibebe mafuta ya safari yenyewe, ya dharura ndogo za njiani, ya kwenda kiwanja mbadala endapo kile cha kwanza kimefungwa, na akiba ya mwisho ambayo kwa injini za tabo ni ya dakika 30 za kuzunguka angani. Kwa ndege inayokwenda Mtwara sharti la kiwanja mbadala hutimizwa bila shida, kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu. Kwa kiwanja kilichojitenga, ambacho hakina jirani wa kukimbiliwa, kanuni hutaka mafuta ya saa mbili nzima yaliyobaki baada ya kufika juu yake, na pia rubani awe na mpango wa kugeuka kabla ya kuvuka sehemu ambayo baada yake kurudi hakuwezekani. Mafuta hayo huchukua nafasi ya watu na mizigo. Kiwanja cha Ascension, kilichojengwa na Wamarekani mwaka 1942 katika Vita Kuu ya Pili, kina njia ndefu ya zaidi ya mita 3,000, lakini mwaka 2017 njia hiyo ilipoharibika, ndege kubwa kutoka Uingereza zilisitishwa kwa miaka kadhaa. Hapakuwa na kiwanja cha pili kisiwani.

Kigoma na Mtwara hazijafika huko, na historia yake ya ardhini inasaidia kuona tofauti. Reli ya Kati, yenye kilomita 1,254 kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914, na mji huo haukuwahi tena kuwa nje ya nchi yake, hata kama treni ilihitaji siku mbili. Mtwara, iliyo karibu zaidi na Dar es Salaam kwa kilomita mia sita na zaidi, ndiyo iliyokuwa mbali: hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, barabara ya kusini ilikatika kwenye Mto Rufiji, magari yalisubiri kivuko, na katika masika mikoa ya kusini ilitengwa kwa majuma. Mji wenye kilomita 400 za anga ulikuwa mbali kuliko mji wenye kilomita 1,077.

Goma hutoa mfano mchungu zaidi. Kati yake na Kinshasa kuna kilomita 1,560 za anga, na hakuna barabara ya kutegemewa inayoziunganisha, hivyo ndege ilikuwa ndiyo barabara. Mwezi Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava iliyofunika sehemu ya njia ya kurukia na kuifupisha. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalifika mjini na kiwanja kikafungwa. Mkazi wa Goma mwenye haja Kinshasa alilazimika kuvuka mpaka na kutafuta ndege katika nchi jirani, yaani kutoka nje ya nchi yake ili afike mji mkuu wa nchi yake, wakati kilomita 1,560 zimebaki pale pale.

Kwa Tanzania kuna kilomita nyingine zinazostahili kutazamwa. Kutoka Kigoma hadi Dodoma ni kilomita 688, na kutoka Dodoma hadi Mtwara ni 673. Jumla yake ni kilomita 1,361, ambazo huzidi mstari ulionyooka kwa kilomita 54 tu, na hiyo ina maana kwamba makao makuu ya nchi yako karibu juu kabisa ya njia fupi kati ya pembe hizo mbili. Kiwanja kipya cha Msalato, kinachojengwa nje ya mji huo, kinaweza kuwa kitovu cha pili kilicho mahali ambapo jiometria yenyewe ingekichagua, au kinaweza kuwa ncha nyingine tu ya spoku inayotoka Dar es Salaam. Njia ya kurukia haitaamua hilo, hata ikiwa ndefu kiasi gani. Litaamuliwa na ratiba: kama ndege iliyotoka magharibi na ndege inayokwenda kusini zitasimama kwenye sakafu moja ya maegesho ndani ya saa moja, na kama mizigo ya abiria itahamishwa kutoka moja hadi nyingine kwa tiketi moja.